Nani Aliyeifungua Ardhi? Majina ya Mashimo, Nyufa na Makorongo

Machi 2018, baada ya mvua kubwa kunyesha katika Bonde la Ufa nchini Kenya, ardhi ilifunguka karibu na mlima Suswa na kuikata barabara inayotoka Mai Mahiu kwenda Narok. Picha za mwanya ule zilizunguka dunia nzima ndani ya siku chache. Vyombo vingi vya habari vya nje vikatangaza kwamba Afrika inagawanyika vipande viwili mchana kweupe.

Baadhi ya wanajiolojia walikuja na maelezo tofauti. Eneo lile limefunikwa na tabaka nene za majivu ya volkeno, udongo mwepesi usioshikana. Maji ya mvua yalizama chini, yakausomba udongo huo kidogo kidogo, hadi juu pakabaki ganda lisilo na cha kulishikilia, kisha ganda lenyewe likadidimia. Wenzao walisisitiza kwamba maji hayakujichagulia njia ovyo: yalifuata mpasuko wa zamani wa miamba uliokuwa umezibwa na majivu yaleyale. Wakati mabishano yakiendelea, mafundi wa barabara walijaza mawe na kifusi ili magari yapite.

Wengi wa waliosimulia tukio hilo kwa Kiswahili waliliita ufa. Lakini lugha ilikuwa na neno jingine mkononi, korongo, na tofauti kati ya maneno hayo mawili ndiyo ileile iliyowagawa wataalamu. Ufa huja kwa kitu kuvutwa, kukauka au kuelemewa. Chungu kina ufa, ukuta una ufa, unyayo wa mkulima wakati wa kiangazi una nyufa. Korongo hukatwa na maji. Mtu anayesema ufa amekwisha kusema kwamba ardhi imevutwa kutoka pande mbili. Anayesema korongo amekwisha kuyashitaki maji. Mzee wa Narok au wa Kondoa anayechagua kati ya maneno hayo hafanyi mapambo ya usemi. Anatoa maelezo ya chanzo, na chanzo kikijulikana, la kufanya hujulikana pia.

Hiyo ndiyo hoja ya mhadhara huu. Majina ya Kiswahili ya uwazi wa ardhini, kwa sehemu kubwa, hayapimi ukubwa wala umbo. Yanajibu swali la nani aliyeifungua ardhi na kwa ajili ya nini: maji, moto wa chini, mnyama, au mkono wa binadamu. Maarifa hayo yamo midomoni mwa wakulima, wachimbaji na wachimba makaburi, na yanamomonyoka kila mwandishi anapotosheka kuandika "shimo" kwa kila kitu kilichobonyea.

Hata shimo lenyewe lina mipaka yake. Watanzania wanaofuatilia habari za shule wanaijua mipaka hiyo bila kufundishwa. Taarifa za elimu huhesabu matundu ya vyoo, si mashimo ya vyoo. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na chini ya matundu kadhaa huweza kuwa na shimo moja tu. Tundu ni uwazi mdogo unaopitisha kitu au kumhifadhi mdudu na ndege. Shimo ni kina kinachopokea. Mhandisi akichanganya maneno hayo kwenye makadirio yake, shule itapata mashimo sita ambayo haikuyahitaji, au watoto watapanga foleni mbele ya mlango mmoja. Tobo nalo ni uwazi uliotoboka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Na wawindaji walikuwa na rima, shimo lililochimbwa kwenye njia ya wanyama na kufunikwa matawi ili mnyama atumbukie. Rima limebaki zaidi kwenye kamusi siku hizi, na si ajabu, kwa kuwa uwindaji wa namna hiyo umepigwa marufuku na waliokuwa wakiulizana rima liko wapi kabla ya kupita msituni wamekwisha.

Korongo linastahili kukaliwa kwa muda mrefu zaidi.

Katika wilaya ya Kondoa, mkoani Dodoma, miteremko ya milima ya Irangi ilifikia hali mbaya sana katika karne ya 20. Mifugo mingi, miti iliyokatwa na mvua za ghafla viliufanya udongo mwekundu uporomoke, na mashamba yakachanwa na makorongo ambayo mengine yangeweza kumeza nyumba. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana zaidi kwa kifupi chake, HADO. Mwaka 1979 ikachukua hatua ambayo hadi leo wazee wa Kondoa huizungumzia kwa uzito: mifugo yote iliondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Familia ambazo utajiri wake ulikuwa ng'ombe na mbuzi zilibeba gharama hiyo. Nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, na makorongo mengi yakatulia.

Kwa nini hatua kali namna ile ichukuliwe juu ya kilima wakati korongo liko chini? Kwa sababu korongo hukua kwenda juu. Maji yanapodondoka kwenye kichwa chake hukwangua ukingo, ukingo huanguka, na kichwa hurudi nyuma kuelekea mlimani msimu baada ya msimu. Kulijaza udongo chini ni kuyapa maji udongo mwingine wa kubeba. Jina lilikwisha kusema kwamba mkosaji ni maji. Kilichobaki ni kuyafuata yanakoanzia, kuyapunguza kasi kwa nyasi, matuta na vizuizi vya mawe. Mkulima anayeliita korongo lake "shimo" huja na koleo. Mkulima anayeliita korongo hupandisha macho mlimani.

Maji hayohayo yaliipa dunia zawadi pia. Korongo la Olduvai, au Oldupai kama Wamaasai wanavyolijua kutokana na katani mwitu inayoota pale, lina urefu wa karibu kilomita 48 na kina cha mita 90 hivi mahali pengine. Mto ulikata tabaka za majivu na matope zilizojipanga kwa karibu miaka milioni mbili na kuziacha wazi. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona pale vipande vya fuvu la zamadamu lililokuja kujulikana kama Zinjanthropus. Hakuhitaji kuchimba kisima kirefu kulifikia. Maji yalikuwa yamemchimbia.

Ufa wa kweli una tabia nyingine kabisa. Mwingereza John Walter Gregory alipita katika bonde la Kenya mwaka 1893, na katika kitabu alichokichapisha 1896 alieleza kwamba bonde lile halikuchongwa na mto. Ardhi ilikuwa imepasuka kwa mistari miwili inayokwenda sambamba, na kipande cha katikati kikazama. Jina la Kiswahili, Bonde la Ufa, limebeba nadharia hiyo yote kwa maneno matatu, na mwanafunzi wa darasa la sita anayelitamka amekwisha kukanusha kwamba bonde lile ni kazi ya maji. Pande mbili za ufa huo zinaachana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Lakini mara chache mambo huharakishwa. Septemba 2005, katika eneo la Afar nchini Ethiopia, karibu na volkeno ya Dabbahu, uji wa miamba iliyoyeyuka ulijipenyeza kwenye mpasuko wa kilomita 60 hivi, na katika siku chache pande zake zikaachana hadi mita nane. Huo ndio ufa. Kilichotokea Narok, hata kama mpasuko wa zamani ulikuwepo chini, kilikamilishwa na maji, na mwandishi wa mhadhara huu anaegemea upande wa wale wanaokiona zaidi kama korongo lililoanzia chini ya ardhi. Wakazi wa Narok walikuwa na haki ya kuelezwa hivyo mapema: mvua ijayo ndiyo ya kuchungwa, si bara kukatika.

Magharibi zaidi, kwenye tawi jingine la ufa huohuo, Kiswahili kimefanya jambo ambalo wasomaji wengi wa pwani hawajalisikia. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, umelala chini ya volkeno ya Nyiragongo, kando ya ziwa Kivu. Tarehe 17 Januari 2002 mbavu za mlima ule zilipasuka. Nyufa zilishuka hadi karibu na mji, na lava ikapita katikati ya mitaa hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, na siku zilizofuata mitetemeko ikaacha nyufa katika barabara na nyumba, hadi sehemu kubwa ya wakazi wakaamriwa kuhama.

Hayo ni mambo yanayoonekana. Lipo jingine lisiloonekana, nalo wenyeji wanaliita mazuku.

Kuzunguka Goma na Sake ziko sehemu zilizobonyea, katikati ya miamba ya lava ya zamani, ambamo hewa ya kaboni dayoksaidi hupanda kutoka chini na kutuama. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, ndiyo maana hujaa bondeni na kubaki pale, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Jua likichomoza na upepo ukianza kuvuma, hupungua. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita bila kujua lolote, kwa kuwa pua yake iko juu ya hewa ile. Akiinama kuokota kuni, kichwa chake kinaingia ndani yake. Mtoto mfupi hana haja ya kuinama. Mbuzi na mbwa hufia hapo, na watu wamefia hapo, wengine wakiwa wamekwenda kumwokoa aliyetangulia kuanguka.

Neno mazuku hufafanuliwa kama upepo mbaya, pepo wa kuua usiku. Wanasayansi wa volkeno kutoka Ulaya walipofika Goma walikuta watu wamekwisha kuiona hatari, wameitofautisha na moshi na lava, wamejua saa zake na mahali pake, na wameipa jina. Wakalichukua jina hilo. Leo mazuku linaandikwa katika majarida ya volkeno ya dunia nzima, hata kwa hewa inayotuama katika nchi ambazo hazina msemaji mmoja wa Kiswahili. Ni moja ya maneno machache ya lugha hii yaliyoingia katika sayansi ya dunia kwa sababu wenyewe walijua jambo mapema kuliko wageni. Hata hivyo, mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa ameijua kasoko na volkeno na kutolijua mazuku. Hilo ni pengo la aibu, na linazibika kwa aya moja ya kitabu cha jiografia.

Binadamu naye hufungua ardhi, na majina yake hueleza kusudi. Wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, Wamatengo wanalima kwenye miteremko mikali ambayo mtaalamu wa kigeni angeitazama na kushauri iachwe msitu. Wanatumia ngoro. Nyasi zilizoota hukatwa mvua zinapoelekea mwisho, zikaachwa zikauke, kisha zikapangwa kwa mistari inayokingamana hadi mlima mzima uwe na miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya nyasi, ukawa tuta. Katikati pakabaki kishimo. Kwa desturi wanaume hukata nyasi, wanawake huchimba na kufunika, na ni wanawake wanaojua upana ufaao wa kila kishimo kulingana na mteremko. Maharage hupandwa juu ya matuta, msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji hayapati nafasi ya kukimbia. Kila kishimo hushika sehemu yake, hushika na udongo uliotaka kuondoka, na magugu yanayotupwa humo huoza na kuwa mbolea. Mlima uliochimbwa maelfu ya vishimo hauna korongo hata moja.

Ukitazama Kondoa na Mbinga pamoja, jambo moja linakuwa wazi: uwazi wa ardhini si ubaya wenyewe. Maji yaliyoachiwa mlima huchimba korongo. Mkono uliowahi kabla ya maji huchimba ngoro. Kuyaita yote mawili shimo ni kumwondolea mwanamke wa Kimatengo ustadi wake. Huko Upare kuna ndiva, mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba, na Usukumani kuna malambo ya kunyweshea ng'ombe. Kila jina lina kamati yake, zamu zake na ugomvi wake.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na Kahama hawasemi shimo wanapozungumza wao kwa wao. Wanasema duara. Duara lina mwenyewe, lina wanaoteremka na wanaobaki juu kuvuta, lina mgawo wa mifuko ya mawe, lina matimba, yaani magogo yanayozuia kuta zisiporomoke. Kitu wanachokihofia kuliko vyote kina jina fupi: kifusi. Taarifa inayosema "watu wamefukiwa shimoni" humficha msomaji mambo ambayo neno duara lingemlazimisha kuyauliza. Nani mwenye duara? Matimba yalikuwepo? Nani aliruhusu watu washuke?

Oktoba 2015 kifusi kiliwafunika wachimbaji katika mgodi wa Nyangarata, Kahama. Waliokuwa juu waliamini wenzao wamekufa. Katikati ya Novemba, baada ya siku 41, watu watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wamekula mende na vyura, wakanywa maji yaliyochuruzika kwenye miamba. Taifa lilishangilia, na lilikuwa na kila sababu ya kushangilia. Lakini furaha ile haikupaswa kulifunika swali la matimba, na maduara yameendelea kuporomoka tangu hapo, kwa sababu mchimbaji asiye na mtaji hukata gharama pale ambapo hapaonekani kutoka juu.

Yako pia majina yanayoficha kosa la mtu. Mangapwani, kaskazini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, wageni huonyeshwa sehemu mbili. Moja ni pango la matumbawe lenye maji baridi, kazi ya maji na chokaa. Ya pili huitwa Pango la Watumwa, nayo si pango. Ni chumba kilichochongwa ndani ya mwamba wa matumbawe na kuezekwa juu, ambacho husimuliwa kuwa kilitumika kuwaficha watu waliokuwa wakiuzwa kwa siri baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1873. Pango hukutwa, halina mchongaji. Chumba kile kina waliochonga, aliyelipa na waliofungiwa. Kukiita pango ni kuutupia mwamba lawama ya watu. Handaki ni neno la haki zaidi, au chumba cha kufungia watu, na kibao cha mahali pale kingestahili kuandikwa hivyo.

Swali hilohilo la nani alichimba liliamua jambo kubwa upande wa bara. Katika vilima vya Dzitsoni, kaunti ya Kilifi, kuna pango linaloitwa Panga ya Saidi. Wanaakiolojia wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani waliona dalili za mifupa mnamo 2013, na 2017 wakalifunua kaburi dogo. Mwaka 2021 walitangaza: ni mtoto wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita, kaburi kongwe kuliko yote ya binadamu wa leo yanayojulikana barani Afrika. Wamemwita Mtoto. Hoja yao ilisimama juu ya udongo: udongo uliojaa shimoni ulikuwa tofauti na udongo wa kuzunguka, kwa hiyo shimo lilichimbwa, likawekwa mwili, likafukiwa. Mtoto alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, na namna kichwa kilivyokaa inaonyesha kwamba kiliwekewa kitu mfano wa mto. Huenda alivishwa kitu pia.

Umbali mfupi kutoka hapo, kwenye miji ya Waislamu wa pwani, wachimba kaburi bado hufanya kazi yenye majina kamili. Ndani ya kaburi huchimbwa mwanandani, nafasi ya ubavuni anamolazwa maiti, kisha huwekwa kiunza, ubao unaozuia udongo usimwangukie. Vijana wengi wanaosaidia mazikoni hulibeba jeneza kwa unyenyekevu na kurudi nyumbani bila kuyajua majina hayo, kwa kuwa aliyekuwa akiyasema ni mzee mmoja, naye hakuulizwa.

Walimu wa jiografia, watangazaji wa redio za wilaya, maofisa wa maafa na watunga kamusi wana kazi hapa, na haihitaji bajeti kubwa. Ardhi itakapofunguka tena, Narok au Geita au Goma, na itafunguka, waulizeni kwanza wanaoishi pale wanakiitaje kile walichokiona, na andikeni neno lao kama walivyolitamka, pamoja na sababu waliyoitoa. Kamusi zijazo ziliingize duara kwa maana ya wachimbaji, ziingize ngoro, ziingize mazuku pamoja na onyo lake. Na kibao cha Mangapwani kibadilishwe.